Sentimita Nane

Kabla ya bei, sakafu.
Hilo nimelijua nikiwa nimepiga magoti,
keekee mkononi, vumbi la zege puani,
katika gereji yetu ya Borlänge, Februari,
theluji imefika kwenye kitasa cha mlango.

Huku kwetu mwanamume akistaafu hununua gari bovu.
Wangu, Torvald, alinunua Volvo ya mwaka sitini na sita,
kijivu cha maji ya kuoshea sufuria,
akawa anaingia chini yake kama mkate tanurini:
miguu nje, sauti ndani,
"Inge, nipe spana ya kumi na tatu,"
na juu ya kifua chake tani moja na kilo mia
zimekalia jeki mbili na gogo la msonobari.

Mwezi wa kumi jeki ya Sixten, jirani, iliteleza.
Mbavu tatu.
Alilala pale dakika arobaini
akihesabu bolti za giaboksi, maana, alisema,
ukiacha kuhesabu unaanza kuomba,
na yeye maneno ya kuomba alikwisha yasahau.
Usiku ule nilimwambia Torvald:
ije lifti, au gari liondoke.
Akacheka. Sikucheka. Akaacha.

Nimepika shuleni miaka thelathini na mmoja,
watoto mia tatu kila mchana,
na sijapima unga kwa jicho hata siku moja.

Ya kwanza ilikuwa ya nguzo mbili, nyekundu, bei ya kutupa,
ghalani, kando ya barabara ya Falun.
Kijana muuzaji akasema inabeba tani nne.
Nani amesema?
Akanionyesha kibandiko.
Kibandiko hata mimi nabandika, kwenye chupa za jamu.
Cheti hana. Kitabu cha maelekezo
kina picha ya mashine nyingine kabisa.
Torvald keshatoa pochi.
"Nusu bei, Inge."
Nusu ya nini? Nusu ya kebo?
Nusu ya lile jino la kufuli
linalotakiwa kushika mafuta yakivuja?

Ndipo nikaja kutoboa.
Nguzo mbili zinataka zege la sentimita kumi na tano
ili bolti zipate pa kung'ata.
Keekee ikazama, ikalia, ikanyamaza ghafla:
nane.
Chini yake mchanga, na mchanga hauweki ahadi.
Sakafu hii aliimwaga baba mkwe kwa mikono yake.
Torvald alikiinamia kitundu kile
kama anayesoma barua ya marehemu.
"Aliniambia kumi na tano," akasema.
Nikajifanya natafuta ufagio.

Tumenunua fupi, ya mkasi,
inayolala juu ya sakafu bila kuitoboa
na kupanda mita moja, basi.
Ni ya mkono wa pili, ya Ragnfrid wa Mora aliyefunga karakana;
daftari lake la ukaguzi lina sahihi kila mwaka
na doa la kahawa katikati.
Rahisi haikuwa. Pikipiki ya theluji imeuzwa.
Torvald hawezi kusimama chini ya gari,
anakaa kigodani, shingo upande, analalamika.
Alalamike. Anayelalamika anapumua.

Siku ya kwanza tuliipandisha, pasiwe na mtu chini.
Tak, tak, tak, meno yakaingia moja moja.
Nikachora mstari wa chaki ukutani, usawa wa bampa,
tukazima taa, tukaiacha hewani usiku kucha.
Alfajiri nilikwenda na gauni la kulalia na mabuti.
Chaki na chuma, palepale.

Jumapili akaja Sixten.
Hakuingia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi,
akiitazama Volvo pale juu,
midomo yake ikienda polepole.
Nikamwachia mlango wazi, na baridi yote ile,
mpaka amalize kuhesabu.